Midomo Juu ya Kirikuu

Jumamosi alasiri, Barabara ya Morogoro, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimetangulia msafara wa bibi harusi. Nyuma wamesimama vijana wa matarumbeta, jua la saa tisa linawachoma usoni na upepo unawapiga midomoni. Watazame kila tarumbeta inaposhushwa: ulimi unatoka, unapita juu ya midomo, unarudi ndani. Hakuna anayekifikiria kitendo hicho, nacho ndicho kinachowaumiza.

Ngozi ya mdomo si sawa na ya mkono. Tabaka lake la juu ni jembamba mno, halina tezi za jasho, na tezi za mafuta ni haba au hazipo kabisa. Maji yaliyomo hutoroka hewani upesi. Mate hayayarudishi. Yakikauka huacha vimeng'enya, vile vile vinavyoanza kuusaga ugali ukiwa bado kinywani, na vikirundikana mchana kutwa huichubua ngozi. Ndiyo maana anayelamba midomo huhisi nafuu kidogo, kisha ukavu mkali zaidi, kisha hulamba tena.

Na midomo hiyo ndiyo inayozaa sauti. Shaba hupokea tu mtetemo wa midomo miwili ndani ya kikombe cha kupulizia na kuukuza. Kwa noti ya la, ile ambayo wanamuziki wengi hulinganishia ala zao, midomo hufunguka na kufungika mara 440 kwa sekunde. Mdomo uliokauka ni mgumu, hauitiki vizuri. Sauti hukwaruza, na mpigaji hujibu kwa kukandamiza kikombe kwenye meno. Damu hubanwa, msuli unaouzunguka mdomo huchoka, ngozi hupasuka.

Mpiga tarumbeta Louis Armstrong aliyajua haya vizuri. Alipenda noti za juu na alikandamiza sana. Miaka ya 1930, akiwa ziarani Ulaya, mdomo ulimpasuka, na baadaye akalazimika kupumzika miezi kadhaa. Maisha yake yote alibaki na kovu, na alipaka marhamu ya Franz Schüritz, mpiga tromboni wa Mannheim, Ujerumani, ambayo baadaye ilipewa jina la Armstrong. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa Hispania, Jaime Planas, alieleza jinsi msuli wa mdomo unavyochanika kwa wapiga tarumbeta, akauita ugonjwa huo kwa jina la utani la Armstrong, Satchmo. Msuli uliochanika hauponi kwa marhamu.

Mafuta ya mgando tunayo karibu kila nyumba. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na mpaka leo sioni dawa rahisi kuyapita. Lakini hayaongezi maji, huyafungia tu. Basi yapakwe usiku, mdomo ukiwa umeloweshwa kwa maji safi. Yakipakwa mchana kazini, wengi huona kikombe kinateleza, wakazidi kukandamiza. Marhamu zenye mnanaa mkali ziachwe, kwa maana ule ubaridi unaosisimua huweza kuwa mwanzo wa mchubuko. Juani ipakwe ile yenye kinga ya miale, hasa mdomo wa chini unaotazamana na jua. Kwa mpigaji mwenye ualbino, hilo ni la lazima.

Kuna jambo linalonisikitisha katika vikundi vyetu: kikombe kimoja hupita midomo mitatu. Malengelenge ya mdomo husababishwa na virusi vinavyosafiri kwa mate. Kila mtu awe na kikombe chake, akioshe kwa sabuni, na utando wa fedha ukibanduka akibadilishe au akiwekee utando mpya, kwani baadhi ya watu huwashwa na metali iliyo chini.

Msafara unapokwama kwenye taa, ngoma zinaweza kuushika wimbo peke yake. Tarumbeta zishushwe, damu irudi midomoni, chupa ya maji izunguke bila kugusa mdomo wa mtu, na ulimi ubaki ndani.