Ukiletewa Samansi, Usinyamaze

Ndugu msomaji, iko karatasi moja inayotia watu hofu kuliko barua ya msiba. Karatasi hiyo ni samansi ya mahakama. Mtu akiiona tu na mhuri wake, moyo humwenda mbio. Mmoja huificha chini ya godoro, mkewe asije akaiona. Mwingine hupita mlango wa nyuma akaenda kukaa kwa shemeji yake mpaka mambo yapoe. Wa tatu hukataa kutia sahihi, akidhani kwamba bila sahihi yake hakuna kesi.

Mimi ni karani wa parokia, si wakili. Lakini ofisi ya parokia ni mahali ambapo watu huleta kila karatasi wasiyoielewa, nazo samansi huletwa pia. Jambo la kusikitisha ni kwamba nyingi huletwa siku zikiwa zimekwisha pita. Wengi katika hao hawakukosa haki, walinyamaza tu. Basi leo tuzungumze habari hii kwa utaratibu. Niandikayo hapa ni ya Tanzania Bara, maana Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake.

Kudaiwa si jinai

Kwanza yafaa kujua tofauti ya mshtakiwa na mdaiwa. Mshtakiwa ameshtakiwa kwa kosa la jinai, kama wizi au kupiga mtu. Mdaiwa amefunguliwa madai tu: ya deni, ya mpaka wa shamba, ya kodi ya nyumba, au ya mkataba uliovunjika. Kuletewa samansi ya madai si kukamatwa, wala si alama ya kwamba wewe ni mtu mwovu. Mwenzako amesema neno lake mbele ya hakimu, na hakimu sasa anataka kusikia lako.

Kwa hiyo, ipokee. Tia sahihi. Sahihi hiyo haisemi kwamba umekubali deni. Inasema tu kwamba karatasi imekufikia. Ukikataa, sheria inamruhusu mpeleka samansi kuibandika mlangoni pa nyumba yako, na mahakama ikaridhika kwamba umepata habari. Ukijificha kabisa, mahakama yaweza hata kuagiza utangazwe gazetini. Je, hapo aibu imepungua au imezidi?

Hesabu siku

Pili, andika tarehe uliyoipokea, kisha soma karatasi yote mpaka mwisho. Tazama ni mahakama gani, nani anakudai, anadai nini, na unatakiwa ufanye nini. Kama ni Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, nawe umeagizwa kuleta utetezi wa maandishi, unazo siku 21 tangu siku ulipopokea samansi. Usidhani ni siku nyingi. Wiki ya kwanza hupita kwa hasira, ya pili kwa kutafuta nauli na ushauri, na ya tatu imekwisha fika.

Ukiona muda hautatosha, omba nyongeza mapema. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2019 zinaruhusu kuomba hata ndani ya siku 7 baada ya muda kwisha, lakini lazima uwe na sababu ya maana, na nyongeza yenyewe ni siku 10 tu. Ngojangoja huumiza matumbo.

Katika Mahakama ya Mwanzo mambo ni mepesi zaidi. Huko unafika siku uliyoitwa, hakimu anakusomea madai, naye anakuuliza kama unayakubali au unayakataa. Lakini huko nako, asiyefika huhukumiwa bila kusikilizwa.

Jibu kila neno

Tatu, jibu madai yote, moja baada ya jingine. Hati ya madai imegawanywa kwa aya zenye namba. Zijibu kwa namba hizo hizo. Palipo kweli, kubali. Pasipo kweli, kataa waziwazi na useme kweli ni ipi. Kuandika kwa ujumla, “Nakataa yote, huyu ni mwongo,” hakutoshi, maana dai lisilokanushwa waziwazi huhesabiwa limekubaliwa.

Tuchukue mfano. Tuseme mwenye duka alichukua saruji na mabati kwa mkopo, thamani yake shilingi 40,000,000. Alikwisha lipa shilingi 25,000,000, na risiti anazo. Sasa anadaiwa zote 40,000,000. Akinyamaza, mdai atathibitisha madai yake peke yake, na hukumu ya upande mmoja yaweza kutolewa kwa fedha zote, pamoja na gharama za kesi. Kisha siku moja dalali wa mahakama anakuja kukamata mali ya duka. Akijibu je? Ataandika: nakubali kuchukua mali, nakataa kwamba sijalipa kitu, nimelipa shilingi 25,000,000 kwa tarehe hizi, na nakala za risiti hizi hapa. Kesi imebaki ya shilingi 15,000,000. Tena hizo anaweza kuiomba mahakama alipe kidogo kidogo. Mtu ni yule yule na deni ni lile lile, ila hapa amesema neno lake.

Kwa hiyo kusanya ushahidi mapema: mikataba, risiti, ujumbe wa simu wa kuthibitisha malipo, na majina ya walioshuhudia. Kama nawe unamdai aliyekushtaki, madai yako yaandike humo humo katika utetezi. Tazama pia umri wa deni. Kwa kawaida madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na ya ardhi ndani ya miaka 12. Kama muda umepita, liseme.

Utetezi ukiwa tayari, utie sahihi, upeleke mahakamani na ulipe ada. Kisha hakikisha nakala yako imepokelewa rasmi, na uitunze. Siku hizi mahakama nyingi hupokea hati kwa mtandao. Muulize karani wa mahakama yenu namna inavyofanyika.

Pa kupata msaada

Hapo watu husema, “Sina fedha za wakili.” Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Uliza kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Tena tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, basi usiogope kwa kukosa Kiingereza.

Na mlango wa kupatana haufungwi kwa sababu kesi imefunguliwa. Mahakama yenyewe huwapeleka watu kwa msuluhishi kabla ya kusikiliza kesi. Lakini mkikubaliana nyumbani, mapatano yaandikwe na yafikishwe mahakamani. Usimwamini mtu anayekwambia, “Usije, tumekwisha yamaliza,” huku kesi bado ipo kwa hakimu.

Na kama hukumu ya upande mmoja imekwisha tolewa nawe hukuwa na habari, nenda mahakamani mara moja uombe iondolewe, ukaeleze sababu yako. Muda wa kuomba ni mfupi.

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo walivyosema wazee, na walisema kweli. Lakini lipa deni lililo lako, kwa kiasi kilicho haki. Ili hakimu akijue kiasi hicho, ndugu msomaji, huna budi kumwambia, na kumwambia kabla siku hazijaisha. Kama iko karatasi chini ya godoro lako, itoe leo uisome tarehe yake.