Uvimbe wa Pua na Koo Unapofika kwa Daktari wa Upasuaji

Puani na kooni pumzi, chakula na sauti hupita karibu karibu. Kwa sababu hiyo daktari anayepasua uvimbe wa sehemu hizo hatafuti tu njia ya kuuondoa, bali hupima pia mgonjwa atapumua, atameza na atasema vipi baadaye. Jibu hutegemea aina ya uvimbe, na zaidi hutegemea siku mgonjwa alipofika. Kwa wakazi wengi wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi siku hiyo huchelewa, ingawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka nchi nzima, ni mwendo wa miguu tu kutoka upande wa mashariki wa Kibera.

Kuchelewa huko kuna sababu zake. Sauti ikikwaruza, mtu hununua vidonge kwa kemisti. Isipopona, huongezewa antibiotiki. Tezi ikitokeza shingoni, hushukiwa kifua kikuu, na kwa kuwa ugonjwa huo umeenea katika mitaa yenye msongamano, aliyeshuku hivyo hastahili kulaumiwa sana. Lakini miezi huwa imepita. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, tundu moja la pua linaloziba na kutoa damu, au tezi ya shingo isiyonywea, vyote vinamhitaji daktari wa masikio, pua na koo. Yeye hupitisha kamera nyembamba puani, huagiza sitiskani, kisha hukata kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Uvimbe mwingi wa puani si saratani. Polipu, vinyama laini vinavyotokana na uvimbe wa muda mrefu wa utando wa pua, huondolewa kupitia matundu ya pua kwa kamera, bila kuchanja uso. Njia hiyo ilikuzwa na Walter Messerklinger huko Graz, Austria, kuanzia miaka ya 1970. Wa kuogopwa ni uvimbe wa mishipa ya damu unaowapata wavulana wanaobalehe. Si saratani, lakini ukiguswa ovyo hububujika damu, na kwa hiyo haukatwi kipande kliniki. Penye vifaa, mishipa inayoulisha huzibwa siku moja au mbili kabla ya upasuaji, na damu ya kuongezewa huwekwa tayari.

Saratani ya pua yenyewe ni adimu, ila ina habari inayowagusa majirani wa Barabara ya Ngong, ambako mafundi wa samani huranda na kupiga msasa tangu asubuhi hadi jioni. Katika miaka ya 1960 Esmé Hadfield, daktari wa pua na koo mjini High Wycombe, Uingereza, aligundua kuwa aina moja ya saratani hii iliwaandama mafundi wa viti na samani wa mji huo. Leo vumbi la mbao, hasa la miti migumu, limo katika orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Mgonjwa wa aina hii huondolewa mifupa ya ndani ya pua, pengine na sehemu ya taya la juu, na mara nyingi hupewa mionzi baada ya hapo. Barakoa nzuri karakanani ni rahisi mno kuliko hayo yote.

Nyuma ya pua, juu ya koromeo, mambo hugeuka. Saratani ya hapo ilichunguzwa Nairobi mapema, na Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo, aliandika juu yake katika miaka ya 1960. Inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr. Mara nyingi dalili ya kwanza ni tezi ya shingo, ile ile inayodhaniwa kuwa kifua kikuu. Hapa kisu hukata kipande cha kupima tu. Tiba yenyewe ni mionzi, pamoja na dawa za saratani ugonjwa ukiwa umeendelea.

Kooni, watoto wana tatizo lao. Virusi vya HPV vya aina ya 6 na 11 huotesha vinyama kwenye nyuzi za sauti. Mtoto hupoteza sauti, kisha hukoroma na kuvuta pumzi kwa shida, na wengi hutibiwa pumu kwanza. Daktari huvinyofoa au huvichoma kwa leza, lakini huota tena, na wapo watoto wanaopasuliwa mara nyingi kabla ya kufika utu uzima.

Kwa watu wazima, saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ndiyo inayogharimu sauti. Tumbaku ni chanzo kikuu, na pombe huongeza hatari. Ikikutwa ingali kwenye uzi mmoja wa sauti, leza au mionzi huwaponya walio wengi na sauti hubaki. Mgonjwa anayefika akihema kwa taabu hutobolewa tundu shingoni usiku huo huo ili apate pumzi, na mipango mingine hufuata. Ugonjwa ukiwa umekula zoloto, kiungo chote huondolewa. Upasuaji huo Theodor Billroth aliufanya kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa saratani mjini Vienna mwaka 1873. Koo la hewa hushonwa kwenye ngozi ya shingo, na tangu hapo mgonjwa hupumulia shingoni maisha yake yote.

Tundu hilo lina masharti ambayo nyumba ya chumba kimoja huyafanya kuwa mazito. Hewa haipashwi joto wala kuchujwa tena na pua, hivyo vumbi la njiani na moshi wa jiko la makaa huingia moja kwa moja mapafuni; kitambaa chepesi chenye unyevu huvaliwa mbele yake. Mpira unaowekwa tunduni huoshwa kila siku kwa maji safi, nayo maji Kibera hununuliwa kwa mtungi. Makohozi yakikauka huziba njia ya pumzi, na asiye na sauti hawezi kumwita jirani. Wakati wa kuoga, maji yakiingia tunduni humkaba.

Sauti inaweza kurudi kwa namna nyingine: kwa kusema na hewa iliyomezwa, kwa kifaa cha umeme kinachobanwa shingoni, au kwa vali ndogo iliyobuniwa na Eric Blom na Mark Singer nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Vali hutoa sauti bora, lakini huchakaa baada ya miezi kadhaa na mpya huwa ghali. Makanga au mchuuzi anayeishi kwa kunadi hulazimika kubadili kazi.

Gharama hupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF Oktoba 2024. Mwenye kibarua hutakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kabla ya kutibiwa, na hapo ndipo wengi hukwama hata baada ya kupata tarehe ya upasuaji. Upasuaji ukishafanyika, kliniki huhudhuriwa mara kwa mara mwaka wa kwanza, kisha kwa nafasi zaidi hadi mwaka wa tano, kwa sababu saratani hizi zikirudi, nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo.