Keekee za barafu: petroli au betri?

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya uvuvi katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, hasa Minnesota na Wisconsin, hulazimika kila mwaka kuamua mapema jambo moja ambalo likikosewa mtaji hulala ghalani hadi mwaka unaofuata. Jambo lenyewe ni hili: waagize keekee za petroli au za betri?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona ziwa likiganda, maelezo mafupi yanahitajika. Minnesota ina maziwa zaidi ya 11,000 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi. Kuanzia Desemba hadi Machi mengi hufunikwa na barafu ngumu, na wavuvi hutembea juu yake. Idara ya maliasili ya jimbo hilo hushauri barafu safi iwe na unene wa inchi 4, yaani sentimita 10, kabla mtu hajaikanyaga kwa miguu. Mvuvi akishafika mahali anapotaka hutoboa tundu na kuteremsha mshipi.

Chombo cha kutobolea ndicho keekee ya barafu. Ni chuma kilichosokotwa kama parafujo, chenye urefu wa mita moja hivi. Chini kina visu, na juu kina mkono, injini au mota. Tundu la kawaida huwa na kipenyo cha inchi 6, 8 au 10.

Injini ilivyopoteza nafasi

Kwa miongo mingi soko lilikuwa la aina mbili tu: keekee ya mkono, na keekee ya injini ndogo ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa petroli na oili kama msumeno wa mnyororo. Majina yaliyotawala yalikuwa Jiffy na Eskimo, zote za Wisconsin, pamoja na StrikeMaster ya Minnesota.

Mabadiliko yalianza kabla betri haijawa nzuri. Kampuni ya Tecumseh, ambayo injini zake zilifungwa kwenye keekee za Jiffy kwa miaka mingi, ilijitoa katika biashara ya injini ndogo, na kufikia mwisho wa 2008 uzalishaji wake ulikuwa unafungwa. Watengenezaji wakalazimika kutafuta injini kwingine. Baadhi walikwenda kwenye injini za mipigo minne, na Jiffy ikaleta injini inayotumia gesi ya propeni ya mtungi mdogo.

Miaka michache baadaye Ardisam, wenye jina la Eskimo, walileta keekee ya betri ya lithiamu ya volti 40 iitwayo ION. StrikeMaster, ambayo ilinunuliwa na Rapala ya Finland mwaka 2011, nayo ikatoa ya volti 40. Wakati huohuo wavuvi wengi waligundua njia ya tatu: kufunga keekee nyepesi kwenye drili ya betri ya volti 18, aina ileile inayotumiwa na mafundi wa ujenzi.

Nguvu si hoja

Wengi hudhani betri imeshinda kwa sababu ina nguvu zaidi. Hesabu inakataa. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Betri ya volti 40 yenye ampea-saa 5 ina kilowati-saa 0.2 tu. Maana yake lita moja ya petroli ni sawa na betri 45 za namna hiyo. Hata tukikubali kwamba injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto na moshi, na ikabaki moja ya tano tu ya kufanya kazi, bado lita hiyo moja inazishinda betri nane.

Kwa nini basi mnunuzi anahamia kwenye betri? Kwa sababu hanunui nishati. Ananunua matundu, na mvuvi wa mwisho wa wiki hahitaji matundu mengi. Sheria ya Minnesota inamruhusu kutumia mishipi miwili wakati wa barafu. Akitoboa matundu 10 au 20 kwa siku, nishati yote iliyobaki kwenye tangi la petroli haina kazi kwake.

Anachokitambua haraka ni uzito na usumbufu. Keekee ya petroli ya inchi 10 ina uzito wa kilo 13 hivi au zaidi. Ya betri ya volti 40 huwa kati ya kilo 8 na 10, na ile ya kufungwa kwenye drili haifiki kilo 6. Ya betri haina kamba ya kuvuta kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, haina plagi ya kulowana, wala haimwagi mafuta kwenye gari. Jambo kubwa zaidi ni kwamba haitoi moshi. Wavuvi wengi hukaa ndani ya hema au kibanda juu ya barafu, na moshi wa injini katika nafasi iliyofungwa una hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo huua bila harufu.

Adui wa kila upande

Kila chombo kina adui wake, na mfanyabiashara anapaswa kumjua kabla mteja hajarudi na malalamiko.

Adui wa petroli ni miezi ya kiangazi. Petroli ya kawaida ya Marekani ina asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hunyonya maji kutoka hewani. Ikiachwa kwenye tangi kuanzia Machi hadi Desemba huharibika, huacha utando kwenye kabureta, na siku ya kwanza ya msimu injini haiwaki.

Adui wa betri ni baridi yenyewe. Betri ya lithiamu ikiganda hutoa umeme kidogo kuliko ilivyoandikwa. Haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana lithiamu hujikusanya ndani yake na kuiharibu kabisa. Wavuvi wazoefu huiweka ndani ya koti au ndani ya gari hadi dakika ya kutoboa, na huichaji nyumbani baada ya kupata joto.

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji wengi hawalielezi: ukubwa wa tundu. Kazi ya kutoboa hufuata eneo la tundu, na eneo huongezeka haraka kuliko kipenyo. Tuseme betri moja inatoboa matundu 50 ya inchi 8 kwenye barafu ya sentimita 30. Betri hiyohiyo kwa tundu la inchi 6 itatoa karibu matundu 89, na kwa tundu la inchi 10 itatoa 32 tu. Barafu ikifika sentimita 60, kila idadi hukatwa nusu. Hivyo tangazo linalotaja idadi ya matundu bila kutaja kipenyo na unene wa barafu halimsaidii mnunuzi.

Hesabu ya miaka mitano

Tuchukue mfano wa mvuvi wa kawaida. Takwimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kuhesabu. Kila msomaji aweke bei za duka lake.

Keekee ya petroli tuseme ni dola 450. Petroli, oili na plagi dola 40 kwa mwaka, jumla dola 200 kwa miaka mitano. Kusafisha kabureta mara moja kwa fundi dola 80. Jumla kuu dola 730.

Keekee ya betri tuseme ni dola 600. Umeme wa kuchaji kwa miaka mitano haufiki dola 5. Betri mpya moja kabla ya miaka hiyo kwisha dola 200. Jumla kuu dola 805.

Tofauti ni dola 75 kwa miaka mitano, yaani dola 15 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei anayolipa mvuvi huyu ili asivute kamba wala asibebe kopo la mafuta. Wengi huilipa bila kunung'unika.

Hesabu hugeuka kwa mtu anayefanya kazi hii kwa riziki. Mwongoza wageni au mwenye vibanda vya kukodisha kwenye ziwa kama Mille Lacs au Lake of the Woods anaweza kuhitaji matundu 150 kwa siku, mengine kwenye barafu nene. Kama betri moja inampa matundu 40, anahitaji betri nne. Ya kwanza ilikuja na mashine. Tatu zilizobaki ni dola 600 zaidi, na jioni zote nne zinahitaji chaja na umeme. Mwenye petroli hujaza tangi kwa dakika mbili na kuendelea. Katika mashindano makubwa, kama yale ya Brainerd kwenye Gull Lake ambapo maelfu ya matundu hutobolewa kabla wavuvi hawajafika, tofauti hii huonekana wazi.

Faida imehamia wapi

Kwa muuzaji, mabadiliko haya yamehamisha faida. Zamani baada ya kuuza mashine alibaki na plagi, oili na kazi ya ufundi. Fundi wa kabureta alikuwa na wateja kila Desemba. Leo mapato ya baadaye yako kwenye betri za akiba, chaja na visu. Visu huuzika kwa pande zote mbili. Vile vinavyochonga kama randa hukata haraka lakini mchanga kidogo tu huviua makali, na vile vinavyovunjavunja barafu huvumilia zaidi na hufungua upya matundu ya zamani yaliyoganda.

Hata hivyo betri inaleta hasara ambayo injini haina. Keekee ya petroli ambayo haijatiwa mafuta inaweza kukaa ghalani miaka mitatu na kuuzwa kama mpya. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa rafuni. Ikiachwa tupu muda mrefu inaweza kufa kabisa, na kila kampuni ina umbo lake, kwa hiyo mtindo ukibadilika betri za zamani hubaki bila mnunuzi.

Usafirishaji nao una masharti. Betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu zilizofungwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo chaji yake haipaswi kuzidi asilimia 30. Kanuni hii haihusu keekee za barafu peke yake. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi anayeagiza betri za drili kwa ndege anakutana nayo vilevile, na ni vizuri ahesabu gharama ya meli na siku zake kabla hajaahidi mteja.

Mwenye soko ni hali ya hewa

Juu ya petroli na betri yuko bwana mmoja, naye ni baridi. Majira ya baridi ya 2023–24 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Barafu ilichelewa, na mwishoni mwa Desemba 2023 watu zaidi ya 100 waliokolewa kwenye Upper Red Lake baada ya kipande cha barafu kumeguka na kuondoka nao. Mwaka wa namna hiyo duka lililojaza keekee za aina yoyote hubaki nazo.

Mwekezaji mdogo anayetazama hisa za kampuni za vifaa hivi akumbuke hilo. Rapala, ambayo hisa zake zimeorodheshwa Helsinki tangu 1998, huuza zaidi zana za uvuvi wa maji ya wazi, hivyo msimu mbaya wa barafu hauiangushi peke yake. Muuzaji wa rejareja anayetegemea barafu tu hana kinga hiyo.

Ushauri wetu kwa wenye maduka ni kupima kwanza wateja walionao. Kama wengi ni wa mwisho wa wiki, betri ichukue sehemu kubwa ya oda, lakini oda yenyewe igawanywe mara mbili: ya kwanza ndogo ya Oktoba, ya pili baada ya barafu kuonekana, hata kama bei ya jumla itapanda kidogo. Betri za akiba ziagizwe chache na mara nyingi. Keekee chache za petroli zibaki kwa wale wanaotoboa kwa riziki, maana hao hununua visu kila msimu na hurudi. Hatimaye mnunuzi yeyote aulizwe swali moja kabla hajaonyeshwa mashine: unatoboa matundu mangapi kwa siku, na ya inchi ngapi?