Dakika Ishirini kwa Kila Upande

Bendi ya Fleetwood Mac ilipokuwa inakamilisha albamu yake ya Rumours, mwimbaji Stevie Nicks alikuwa na wimbo alioupenda kiasi cha kumzawadia mama yake haki za mapato yake. Uliitwa "Silver Springs". Ulikwisha kurekodiwa na kukamilika, kisha wenzake wakauondoa. Sababu kubwa ilikuwa urefu: ulikaribia dakika tano, tena wa mwendo wa pole, na santuri haikuwa na nafasi. Nicks anasema aliambiwa habari hiyo kwenye maegesho ya magari ya studio, na hakuipokea kwa upole. Wimbo ukapelekwa upande wa nyuma wa santuri ndogo ya "Go Your Own Way", na albamu ikatoka tarehe 4 Februari 1977 bila wimbo huo.

Nimeanza na wimbo usiomo kwa makusudi. Kila ninapoulizwa kwa nini Rumours inaendelea kununuliwa kwenye santuri ilhali imejaa tele kwenye simu, muulizaji huwa tayari ana jibu lake: eti santuri ina "joto". Jibu hilo linapendeza lakini halielezi kitu. Mimi naona sababu iko kwingine. Albamu hii ilikatwa na kushonwa kwa kipimo cha santuri, na kipimo hicho bado kinasikika ndani yake.

Kwanza watu wenyewe, maana bila wao hakuna hadithi. Mwanzoni mwa 1976 watano hawa waliingia studio ya Record Plant mjini Sausalito, California, katika jengo la mbao lenye vyumba visivyo na madirisha. John McVie wa besi na Christine McVie wa kinanda walikuwa mume na mke wanaoachana. Nicks na mpiga gitaa Lindsey Buckingham walikuwa wapenzi wanaoachana. Mick Fleetwood, mpiga ngoma, ndoa yake nayo ilikuwa inavunjika. Kila mtunzi akaandika yaliyo moyoni, na mlengwa akalazimika kuupiga wimbo huo, pengine hata kuuitikia. Msikilizaji wa taarab hahitaji kufafanuliwa zaidi: hii ni mipasho, ila hapa anayepashwa ndiye anayeshika besi. Christine aliandika "You Make Loving Fun" kumsifu mpenzi wake mpya, aliyekuwa fundi wa taa wa bendi, na inasimuliwa kwamba alimwambia John unamhusu mbwa wake. John huyo huyo ndiye aliyependekeza jina la albamu, yaani uvumi.

Mkasa huu umesimuliwa mno, nami nauacha hapo. Unaeleza kwa nini watu waliinunua 1977, albamu ilipokaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa majuma 31 na mwaka uliofuata ikatwaa Grammy ya albamu bora. Hauelezi kwa nini kijana aliyezaliwa baada ya 2000 anaitafuta kwenye santuri.

Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ililetwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948. Kila upande una mfereji mmoja tu, mrefu na mwembamba, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Sauti ni kuyumba kwa mfereji huo. Sauti nene huyumbisha sana, na kadiri mfereji unavyoyumba ndivyo unavyohitaji nafasi ili usiingie kwa jirani yake. Ndiyo maana wakati wa kuchonga besi hupunguzwa na sauti nyembamba hupandishwa, halafu amplifaya ikageuza hesabu hiyo wakati wa kusikiliza, na mkwaruzo ukapungua papo hapo. (Ukichomeka kinanda cha santuri kwenye tundu la kawaida la redio na kusikia sauti kavu kama ya simu, kasoro haiko kwenye santuri. Umeikosa hatua hiyo ya kugeuza.)

Hata kwa ujanja huo nafasi haitoshi kila kitu. Upande wa dakika 18 hadi 20 humwachia mchongaji uhuru wa kuweka sauti ya kutosha na besi iliyoshiba. Ukivuka 25, lazima ashushe sauti nzima, na vumbi na mkwaruzo vianze kusikika juu ya muziki. Rumours yote ni kama dakika 39. "Silver Springs" ingeongezwa juu ya zilizopo, jumla ingekaribia 44. Huwezi kumlaumu aliyepiga hesabu hiyo, ingawa unaweza kumlaumu aliyechagua nani wa kuumia. Nafasi yake ilichukuliwa na "I Don't Want to Know", wimbo mfupi na mchangamfu, na wa Nicks pia, kutoka siku zake za zamani na Buckingham.

Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawakijui. Santuri huzunguka kwa mwendo mmoja, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu kuliko wa karibu na lebo. Sindano ikiwa nje, mfereji hupita chini yake kwa sentimita 50 hivi kila sekunde. Ikifika ndani, ni kama 20 tu. Maana yake sekunde moja ya matoazi hubanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi iliyokuwa nayo mwanzoni. Sauti nyembamba huanza kuchakaa, na herufi "s" za mwimbaji hugeuka kuwa miluzi.

Sasa tazama upande wa kwanza wa Rumours. Unafunguliwa na "Second Hand News", wimbo wa mbio ambamo Buckingham anapiga kiti cha studio kama ngoma. Hapo ni ukingoni, nafasi ni tele. Unapita "Dreams", "Never Going Back Again", "Don't Stop" na "Go Your Own Way", na karibu na lebo unakuta "Songbird": Christine, piano, na gitaa kavu kwa mbali. Hakuna matoazi wala besi. Wimbo huo haukurekodiwa Sausalito. Walikodi ukumbi wa Zellerbach huko Berkeley ili piano ipate mwangwi wa jumba lenyewe. Sidai kwamba walipanga nyimbo kwa rula ya sentimita. Lakini wimbo mtulivu kuliko zote umekaa pale ambapo santuri haiwezi kubeba kishindo, na mafundi wa enzi zile walilijua jambo hilo.

Upande wa pili haukubahatika hivyo. Unamalizwa na "Gold Dust Woman", wenye vilio vya Nicks na mlio wa vioo ambavyo Fleetwood alikuwa anavivunja kwa nyundo. Kelele kali, sauti nyembamba, na zote zimesongamana karibu na lebo. Mimi huutumia kama mtihani. Muuzaji akisifu santuri yake, mwombe aweke sindano kwenye dakika mbili za mwisho za upande huo. Kama nakala imechakaa, itajisema yenyewe.

Katikati ya hizo pande mbili kuna kitu ambacho hakijaandikwa kwenye jalada: kimya. "Songbird" unaisha, mkono unainuka, nawe unanyanyuka kugeuza santuri. Kinachofuata ni "The Chain", kwa mapigo mazito ya ngoma ya mguu na gitaa lililopigwa kama kwato. Kwenye simu hatua hiyo ni ya sekunde mbili, na "The Chain" unaingia kama mtu aliyebisha hodi wakati wa msiba. Kwenye santuri umepewa muda wa kumaliza huzuni, na wimbo unaanza upya, ukingoni, penye nafasi kubwa kuliko zote. Ule mstari wa besi wa John McVie unaokuja pale wimbo unapodhaniwa umekwisha, ambao Waingereza waliujua kwa miaka mingi kama muziki wa matangazo ya Formula 1 ya BBC, unahitaji nafasi hiyo.

Wapenzi wa rumba wa Kinshasa na Nairobi hawatashangazwa na haya. Santuri ndogo za mizunguko 45 ziliwalazimisha wanamuziki wetu kukata wimbo mmoja sehemu mbili, na mara nyingi sehemu ya pili ndiyo iliyobeba sebene. Watu waliojifunza kucheza baada ya kugeuza santuri walijifunza mapumziko hayo kama sehemu ya wimbo.

"The Chain" wenyewe ni kazi ya wembe. Mwisho wake ulitoka kwenye wimbo mwingine wa Christine ambao haukukamilika. Wakakata kanda, wakaunganisha vipande kwa utepe wa gundi, wakaandika mashairi mapya juu yake. Ndio wimbo pekee wa albamu wenye majina ya wote watano kama watunzi. Siku hizi kuunganisha ni kazi ya kubonyeza, na ukikosea unarudi nyuma. Wembe ukishapita kwenye kanda, umepita.

Kanda ndiyo iliyokaribia kuwazika. Kanda ya sumaku ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, na kila ikipita kwenye kichwa cha mashine huacha unga kidogo. Hawa waliipitisha kwa miezi, wakiongeza gitaa hapa na sauti pale, wakifuta na kurudia. Watayarishaji Ken Caillat na Richard Dashut wakagundua kwamba ngoma na matoazi yamefifia: unga uliobeba sauti nyembamba ulikuwa umesuguka. Kwa bahati kulikuwa na kanda ya akiba ya mapigo ya awali, ambayo haikuwa imechezwa hovyo. Tatizo ni kwamba mashine mbili za kanda haziendi sawasawa hata siku moja. Akaitwa mtaalamu, akavaa spika za masikioni, sikio la kushoto kanda iliyochakaa, la kulia kanda ya akiba, na kwa kufuata ngoma ndogo na matoazi akawa anaongeza na kupunguza mwendo wa mashine kwa mkono hadi zikaenda pamoja, wimbo baada ya wimbo. Ngoma safi unazozisikia leo ni za kanda ya akiba. Kila ninaposikia zilivyo karibu na za wazi, humkumbuka mtu huyo kabla ya kumkumbuka Fleetwood.

Nirudi kwenye "joto". Kwa vipimo vya maabara santuri inashindwa na CD karibu kila mahali: kelele ya chini ni kubwa zaidi, upotoshaji ni mwingi zaidi, na chaneli za kushoto na kulia huvuja moja kwenda nyingine. Asiyekubali hayo anauza kitu. Lakini sikio halisikilizi vipimo pekee. Kuanzia miaka ya 1990 matoleo mengi ya kidijitali yalibanwa ili yasikike kwa kishindo redioni, sauti ndogo ikapandishwa hadi ikalingana na kubwa. Santuri haivumilii ubanaji wa namna hiyo kwa urahisi, hivyo nakala za zamani zilibaki na pumzi yake: Nicks anapopunguza sauti kwenye "Dreams", inapungua kweli. Wengi wanaposema joto, nadhani hicho ndicho wanachokisikia.

Soko limekwisha kuamua vyovyote iwavyo. Mwaka 2022 Marekani iliuza santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza tangu 1987 kwa santuri kuongoza kwa idadi. Miaka miwili kabla yake, video fupi ya mtu anayeteleza barabarani kwenye ubao wa magurudumu, akinywa juisi huku "Dreams" ikilia, iliurudisha wimbo huo kwenye chati baada ya miaka 43. Waliouonja kwa sekunde 20 wakaenda kutafuta albamu nzima, na wengi wakaitaka ile ya kushikwa, yenye jalada la Fleetwood aliyening'iniza mipira miwili ya mbao kiunoni.

Ukiitaka nawe, usilipe bei ya kitu adimu. Albamu hii imeuzwa zaidi ya nakala milioni 40, na toleo la Marekani lenye namba BSK 3010 limezagaa duniani. Lipia hali yake, usilipie umri. Igeuze kwenye mwanga wa taa na uangalie mikwaruzo inayokatiza mfereji. Imepinda? Iache. Na ukishaileta Dar es Salaam au Mombasa, iweke wima, mbali na ukuta unaovuja unyevu, maana ukungu hula jalada kwanza kisha ukaingia kwenye mfereji. Usiiache ndani ya gari juani hata kwa muda wa kununua mkate. Vile vinanda vya bei nafuu vya umbo la sanduku navyo vina mkono mzito. Sindano zake hulima.

Kuna toleo la 2011 lililochongwa upya kwenye santuri mbili za mizunguko 45. Kwa sauti pekee ni zuri mno: mwendo ni mkubwa zaidi, mfereji una nafasi, na hata vioo vya "Gold Dust Woman" vinavunjika bila mluzi. Wenye masikio makali hulisifu, nami siwapingi. Lakini lina pande nne. Ndani ya dakika 39 unanyanyuka mara tatu, na kimya kilichotenganisha "Songbird" na "The Chain" kinakuwa kimoja kati ya vitatu. Ninalo, na huliweka ninapotaka kusikiliza wimbo mmoja. Nikitaka albamu, natoa ile ya zamani.