BIASHARA ILIVYOJENGA NA KUBOMOA NGUVU ZA UCHINA



Karafuu ilijulikana Uchina zamani sana kabla ya mkarafuu kupandwa visiwani kwetu. Zama za wafalme wa Han, yapata miaka 2,000 iliyopita, ofisa aliyetaka kusema na mfalme ilimpasa kwanza atie karafuu kinywani ili pumzi zake zinukie. Karafuu hizo zilitoka Maluku. Dola iliyoweza kununua viungo vya mbali namna hiyo ilikuwa na mali, na yafaa tutazame mali hiyo ilivyopatikana na ilivyopotea.

Mwaka 117 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mfalme Wu alikuwa na vita kaskazini, na hazina yake imepungua. Akaamuru chumvi na chuma viwe biashara ya Serikali peke yake. Fedha zilipatikana. Lakini katika baraza la mwaka 81, kabla ya Nabii Isa vile vile, wanavyuoni walilalamika kuwa majembe ya Serikali ni ghali tena mabovu, na mkulima hana pengine pa kununua.

Wafalme wa Song walifuata njia nyingine. Walipopoteza nchi za kaskazini mwaka 1127, walizidi kutegemea bahari. Katika bandari za Guangzhou na Quanzhou waliweka forodha, wakatoza ushuru, wakawaacha wafanya biashara wasafiri. Sarafu zao zilifika mbali. Nyingine zilifukuliwa Kajengwa, kusini mwa Unguja, mwaka 1945.

Wafalme wa Ming waliofuata baadaye walipiga marufuku raia kufanya biashara ya bahari, mwaka 1371. Ni kweli kwamba baina ya 1405 na 1433 amiri Zheng He aliongoza safari saba, na marikebu zake zikafika mpaka pwani yetu. Lakini zilikuwa safari za mfalme, na zilipokoma hapakuwa na raia wa kuziendeleza kwa halali. Wafanya biashara wakageuka wenye magendo, na Serikali ikakosa ushuru. Marufuku ililegezwa mwaka 1567.

Msiba mkubwa ulikuja baadaye. Tangu 1757 Wazungu waliokuja kwa bahari waliruhusiwa bandari moja tu, Guangzhou. Waingereza walinunua chai kwa fedha, na fedha ilipozidi kuwatoka wakapeleka afyuni kutoka Bara Hindi. Mwaka 1839 ofisa Lin Zexu aliteketeza makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni. Vita vikazuka, Uchina ikashindwa. Kwa mkataba wa 1842 ilitoa Hong Kong, ikafungua bandari tano, na ikalipa dola milioni 21 za fedha. Haukupita muda ushuru wake ukafungwa kwa mkataba, kama 5 katika 100, isiweze kuupandisha kwa hiari yake. Basi bidhaa za viwanda vya ng'ambo ziliingia, na Serikali haikuwa na ukuta wa kuwakinga mafundi wake. Mwingereza Robert Hart alisimamia forodha ya Uchina tangu 1863 mpaka 1911. Uhuru wa kupanga ushuru haukurudi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920.

Baada ya 1949 Serikali mpya ilishika kila kitu mkononi. Tangu 1953 nafaka iliuzwa kwa Serikali kwa bei yake, na mwaka 1958 mashamba yakaunganishwa kwa amri. Ikafuata njaa iliyoua watu mamilioni kwa mamilioni. Mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang, wakulima 18 walitia sahihi kwa siri wagawane mashamba: kila nyumba itoe fungu la Serikali, kinachobaki ni chake. Mavuno yakaongezeka. Mwaka 1979 Serikali ikapandisha bei ya nafaka kwa 20 katika 100. Mwaka 1980 ikafungua Shenzhen kwa mitaji ya kigeni. Mwaka 2001 ikaingia Shirika la Biashara la Dunia. Mwaka 2010 uchumi wake ukawa wa pili duniani.

Tukipima haya, twaona Uchina ilidhoofika ilipowafungia watu wake mlango, na ikadhoofika zaidi funguo zilipokuwa kwa mgeni. Ilipata nguvu ilipozishika yenyewe na kumwachia mzalishaji faida ya jasho lake. Asiyejua nani anapanga bei na nani anatoza ushuru hauzi, huuziwa.

Wenye maoni na wayalete kwa maandishi kabla ya mkutano ujao.

Katibu