Mama, Wasilisha Utafiti Wako Kabla ya Kuomba Uzamivu

Wapo akina mama wengi kati yetu waliomaliza shahada ya uzamili huku wakilea watoto. Tasnifu ilifungwa jalada gumu, ikapigiwa picha siku ya mahafali, kisha ikahifadhiwa kabatini. Sasa watoto wamekua kidogo na hamu ya kusomea shahada ya uzamivu imerudi. Wengi hukimbilia fomu za maombi. Sisi tunashauri hatua moja itangulie: itoe tasnifu hiyo kabatini, chagua sehemu yake iliyo bora, ukaiwasilishe mbele ya wasomi kwenye kongamano.

Kwa nini kongamano?

Kwa vyuo vingi hili si sharti, lakini lina faida kubwa. Katika masomo ya uzamivu alama peke yake mara nyingi hazitoshi. Anahitajika msimamizi anayeijua mada yako na aliye tayari kwenda nawe miaka mitatu, minne au zaidi. Maprofesa hupokea barua nyingi kutoka kwa watu wasiowajua. Yule aliyekusikia ukieleza utafiti wako na kujibu maswali anakufahamu kuliko aliyesoma vyeti vyako tu. Tena maswali utakayoulizwa yatakuonyesha andiko lako la utafiti limepungukiwa wapi, kabla halijafika mbele ya kamati ya chuo.

Waliotutangulia

Mwaka 1989 wanawake Waafrika waliosomea theolojia walikusanyika Accra, nchini Ghana, wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye. Hapo ndipo ulipozinduliwa umoja wao, ambao umewalea wanatheolojia wanawake wengi barani. Neno lililowaongoza lilitoka Marko sura ya 5, pale Bwana alipomwinua binti Yairo. Waliandika juu ya mila za wajane, ndoa za mitala na nafasi ya mwanamke kanisani. Mwaka 1992 kilitoka kitabu cha makala zao, kikihaririwa na Oduyoye pamoja na Musimbi Kanyoro wa Kenya. Tunajifunza kwao kwamba mambo tunayoyaishi nyumbani na kanisani yanafaa kabisa kuzungumzwa mbele ya wasomi.

Uanzie wapi?

Anza karibu. Mwulize aliyesimamia tasnifu yako ni makongamano gani yanafaa. Idara nyingi za vyuo vikuu huandaa yao wenyewe. Wanaotafiti Kiswahili wana makongamano ya CHAUKIDU, na wa afya nchini Tanzania wana yale ya NIMR. Tangazo likitoka, utatakiwa kutuma ikisari, yaani muhtasari wa maneno 250 au 300 hivi. Eleza tatizo, namna ulivyotafiti, ulichokipata na umuhimu wake.

Ukikubaliwa, kwa kawaida utapewa dakika 15 au 20. Chukua hoja moja tu ya tasnifu, usijaribu kuisimulia yote. Fanya mazoezi ukiwa na saa mezani, na watoto wakiwa wasikilizaji wako.

Jihadhari na barua zinazosifu kazi yako na kudai ada haraka, ilhali hata ikisari hawajaisoma. Waulize wahadhiri kwanza.

Kufahamiana na watu

Kabla ya safari, soma maandishi ya wasomi wawili au watatu watakaokuwepo. Wakati wa chai, jitambulishe kwa sentensi mbili na uulize jambo juu ya kazi zao. Usianze kwa kuomba upokewe chuoni. Ukirudi, andika barua fupi ya shukrani ndani ya juma moja, ukitaja mliyozungumza. Miezi michache baadaye, ukimwandikia kumwomba awe msimamizi, hutakuwa mgeni kwake.

Mazungumzo ya kitaaluma yafanyike mahali pa wazi. Mtu akikuita chumbani kwake kwa kisingizio cha kukusaidia, kataa bila kuona haya. Watafute pia maprofesa wanawake. Baadhi yao wamepita njia hii hii wakiwa na watoto wachanga.

Nyumbani je?

Mweleze mumeo mapema: unakwenda wapi, siku ngapi, utalala wapi, nani atalipa. Mpe ratiba aione. Mume aliyeshirikishwa tangu ikisari haoni safari kama kuporwa mkewe. Siku hizo tatu ni jaribio jema kwa familia nzima, kwa kuwa uzamivu utadai miezi mingi zaidi. Mkishindwa kupanga siku tatu, kaeni mzungumze kabla ya kujaza fomu yoyote.

Waandalizi wengi hupunguza ada kwa wanafunzi, na wengine husaidia nauli, uliza mapema. Kama unanyonyesha, uliza kama unaweza kufika na mtoto na msaidizi. Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia safari mwaka 2020, makongamano mengi pia huruhusu kuwasilisha kwa njia ya mtandao.

Mpendwa msomaji, yule mtumishi wa Mathayo 25 aliifukia talanta yake kwa sababu ya woga. Utafiti wako ulikugharimu usiku mwingi bila usingizi. Omba, zungumza na mumeo, kisha andika ikisari yako juma hili.