Kukata Maandishi kwenye Orodha bila Kupoteza Mtu

Makatibu wengi wa makanisa yetu sasa wanaandika orodha za washiriki na za wahamishwa tuliowapokea kwenye kompyuta. Mara kwa mara inawapasa kuchota kipande cha maandishi kilicho ndani ya kisanduku kirefu. Kazi hiyo si ndogo. Katika Nehemia 7 wako makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya vizazi, yasionekane, wakaondolewa katika ukuhani. Kwetu, siku ya kugawa unga, asiyeonekana kwenye orodha anarudi mikono mitupu.

Tuseme mshiriki ameandikwa GOM-Katoyi-0412, nawe unataka mtaa tu. Katika Excel ya Kifaransa, =STXT(A2;5;6) inaanzia herufi ya 5 na kuchukua herufi 6: Katoyi. Vizuri. Lakini mstari unaofuata ni BENI-Mulekera-0031, na fomula ileile inakupa «-Mulek». Mtaa huo haupo popote, na kompyuta haitakuonya. Ndiyo maana nashauri kukata kwa alama, si kwa kuhesabu. Katika Power Query, fungua Ajouter une colonne, kisha Extraire, uchague maandishi yaliyo kati ya alama mbili, uweke kistari mara zote mbili. Urefu wa jina hautakusumbua tena, na safu ya kwanza inabaki ilivyokuwa. (Ukilazimika kuhesabu, kumbuka kwamba Power Query inaanza na 0, lakini STXT inaanza na 1.)

Namba za simu ni kinyume: hapo kuhesabu kunafaa. Mmoja anaandika +243, mwingine anaanza na 0, lakini tarakimu 9 za mwisho ni zilezile. =DROITE(SUBSTITUE(A2;" ";"");9) inaondoa nafasi na kuchukua hizo 9. Hivyo utaona haraka kama mama mmoja ameandikwa mara mbili, au kama familia mbili zinatumia simu moja. Hao wa pili usiwafute!

Majina ndiyo magumu. Fomula nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani huchukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Kwetu tunaandika nom, postnom, ndipo prénom, kwa hiyo safu ya ukoo itajaa Espérance na Dieudonné, na familia tofauti zitaonekana kuwa moja. Tena wako wenye «wa» au «ya» katikati ya jina. Ukikata penye nafasi, jina moja linakuwa vipande viwili. Hapa sioni fomula ya kuaminika. Acha safu ya jina kamili kama mwenyewe alivyolitaja, uongeze safu tatu pembeni, na ujaze kwa kumwuliza. Shemasi wa mtaa anaweza kuifanya kwa daftari, Jumapili baada ya ibada.